Walimu wa Kiingereza Mtwara na Lindi mnaotafutiwa kazi nje: kabla ya kumlipa wakala, muulizeni viza inaitwaje

Ticha wa Shangani (mleta uzi)

Wakuu habari za jioni, wakubwa shikamooni.

Korosho zimeanza kulipwa, na kama kawaida magrupu ya walimu kuanzia Nanyumbu mpaka Kilwa yamejaa matangazo ya kwenda kufundisha Kiingereza nje. China, mshahara milioni nne, nyumba bure, tiketi bure, nafasi zimebaki chache, wahi. Hawa jamaa wanaijua kalenda ya minada kuliko hata viongozi wa vyama vya ushirika (AMCOS). Wanajua mzee wa Kitangari akishapokea malipo yake, kijana msomi aliyekaa nyumbani ataomba nauli ya kwenda kutafuta maisha, na mzee atatoa.

Nimefundisha Thailand, nimepita mikononi mwa mawakala wa huku na wa kule, nikarudi, sasa niko sekondari hapa Mtwara mjini. Naletewa mikataba niisome mpaka nimechoka kurudia maneno yale yale kwenye simu. Nayaweka hapa, atakayeuliza nitamtumia linki.

Kwanza tuelewane, wakala wa ajira ni dalali. Tofauti yake na dalali wa nyumba wa pale Chuno ni kwamba wa nyumba anakula kwa mpangaji, huyu anakula kwa shule. Shule inamlipa kwa kila mwalimu anayemleta, au inampa fungu kila mwezi naye anakutolea mshahara humo humo. Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, unasema wakala binafsi hatakiwi kumtoza mtafuta kazi ada, iwe waziwazi au kwa mlango wa nyuma. Kwa hiyo wakala anayeijua kazi yake atakuomba wasifu, vyeti na video fupi ukiwa unafundisha. Pasipoti, cheti cha polisi na viza mara nyingi unagharamia mwenyewe, sawa, lakini unalipa ofisi husika kwa namba ya malipo ya serikali. Hulipi kwenye namba ya simu iliyosajiliwa jina la mtu usiyemjua.

Sasa jambo lenyewe. Swali la kwanza kwa wakala yeyote: viza inaitwaje? Asikujibu "viza ya kazi". Akupe jina lake au herufi zake. Hapo ndipo utakapojua kama unaongea na mtu wa kazi au mpiga debe, kwa sababu kila nchi imeandika nani anaruhusiwa kufundisha Kiingereza na nani haruhusiwi, na wakala hana uwezo wa kubadilisha hata nukta.

Korea Kusini: viza ya walimu wa Kiingereza ni E-2, na wanaoipata kwa utaratibu wa kawaida ni raia wa Marekani, Uingereza, Kanada, Ayalandi, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Sisi hatumo. Uwe na digrii ya daraja la kwanza, uwe umepata alama za juu kabisa za mtihani wa Kiingereza wa IELTS, pasipoti yako haimo. Ukiwa umeoa au kuolewa huko ni habari nyingine. Vinginevyo wakala akikutajia Korea, mshukuru na ukate simu. Na akikwambia "tutakuombea kama mtu wa Sauzi", hapo anakualika kwenye kesi ya kughushi, na jina litakalosomwa mahakamani ni lako.

Japani: viza ya kufundisha lugha kwenye shule zao za kawaida inataka uwe umesoma kwa lugha hiyo miaka 12. Piga hesabu. Darasa la kwanza hadi la saba ulisoma kwa Kiswahili. Kidato cha kwanza hadi cha sita ni miaka sita, chuo mitatu, jumla tisa. Waliosoma msingi kwa Kiingereza wanavuka, sisi wa shule za msingi za serikali hatuvuki. Kampuni za kufundisha maongezi zinatumia viza tofauti, hiyo inaangalia zaidi digrii. Ndiyo maana nasisitiza jina.

China: ya kazi ni Z. Ukishaingia kwa Z kuna kibali cha kazi, halafu kibali cha ukaazi unachotakiwa kukiomba ndani ya siku 30. M ni ya biashara, L ya matembezi, X ya masomo, na hakuna hata moja kati ya hizo inayokupa ruhusa ya kuajiriwa kama mwalimu. Sheria yao ya uingiaji na utokaji iliyoanza kutumika Julai 2013 inasema anayefanya kazi bila kibali atatozwa faini ya yuan 5,000 hadi 20,000, na kosa likiwa zito anawekwa ndani siku 5 hadi 15. Na kwa kawaida kwenye Kiingereza wanataka raia wa nchi ambako ndiyo lugha ya kwanza, mwenye digrii na uzoefu. Mianya ipo, lakini inaamuliwa na ofisi ya serikali ya huko mwajiri alipo. Mtu wa Kariakoo haiamui. Halafu tangazo likisema utafundisha masomo ya ziada kwa watoto wa shule, kumbuka Julai 2021 serikali yao ilizibana vibaya kampuni za tuisheni. Matangazo mengine yanayozunguka ni ya kabla ya hapo, wamebadilisha tarehe tu.

Vietnam: digrii, cheti cha kufundishia Kiingereza, cheti cha polisi, vyote viwe vimethibitishwa kiserikali kabla ya kibali cha kazi kutoka. Kibali hakizidi miaka miwili. Ukisikia "nenda kwanza na viza ya utalii, tutabadilisha ukifika", ujue anayebeba hatari hiyo yote ni wewe.

Thailand naijua kwa mwili wangu. Viza inaitwa Non-B, halafu unapata kibali cha kazi chenye jina la mwajiri. Sisi ambao Kiingereza si lugha ya kwanza tunaulizwa mtihani wa TOEIC au IELTS juu ya digrii. Wakameruni, Wafilipino na Waafrika wengine wapo wengi na wanafundisha kihalali, ila kwa kazi ile ile mara nyingi tunalipwa pungufu ya Mwingereza aliyemaliza chuo jana. Nalisema mapema ili usije ukalilia huko.

Kwenye mkataba wangu nililetewa kurasa nane. Ukurasa wa kwanza, mshahara wa mwezi kwa wino mzito. Ukurasa wa sita, herufi ndogo: mkataba ni wa miezi kumi. Mwaka wa shule kule unaanza katikati ya Mei na kuisha Machi. Maana yake Machi ikiisha huna mshahara hadi Mei, na kodi ya chumba inaendelea. Kipengele kilichofuata kilisema mwajiri ni wakala, shule ni "mahali pa kazi". Ukigombana na wakala, kibali kinakufa hata kama mkuu wa shule anakupenda. Niliomba miezi kumi na miwili, wakakataa, nikaomba basi chumba kilipiwe wakati wa likizo, wakakubali na wakaandika. Watu hawaombi kwa sababu wanadhani wakala ni mkubwa wao. Anakutafuta wewe kama unavyomtafuta yeye, Mei ikikaribia darasa halina mwalimu ndiye anayekosa usingizi.

Kwa hapa nyumbani, wakala wa ajira binafsi anatakiwa awe na leseni ya kazi hiyo. Ukiwa na shaka, waulize TaESA, ule Wakala wa Huduma za Ajira wa serikali. Usibabaishwe na cheti cha BRELA, hicho kinasema kampuni ipo, na hata kampuni ya kuuza mitumba inacho. Na cheti chako halisi cha NECTA hakitoki mkononi mwako. Skani, andika juu yake "kwa maombi ya kazi tu", tuma hiyo.

Karibuni, maswali yawekwe hapa hapa, msinifuate PM.

---

Binti Mikindani

Shikamoo mwalimu. Umenikuta nimeshika simu nataka kutuma hela. Wakala wangu yuko Dar, anataka 850,000 ya kushikia nafasi, anasema inarudishwa kwenye mshahara wa kwanza. Barua ya kazi ameshatuma, ina muhuri mwekundu wa shule, mji unaitwa Zhengzhou. Nimeuliza viza, kasema business, ukifika inabadilishwa.

Ticha wa Shangani

Marahaba mdogo wangu. Hiyo hela iache kwenye simu.

Muhuri mwekundu hata pale stendi kuna mtu anakuchongea. Fanya hivi: tafuta shule hiyo mwenyewe mtandaoni, usitumie namba wala barua pepe iliyoko kwenye barua. Waandikie uliza kama wamekuajiri na nani ni wakala wao. Halafu mwandikie huyo wa Dar ujumbe mfupi, bila hasira: "Kaka, naomba nakala ya taarifa ya kibali cha kazi iliyotolewa China kwa jina langu, ili niombee Z ubalozini." Hicho ni kitu cha kweli, mwajiri anakiombea huko kabla hujapanda ndege, na ubalozi wa China Dar unakihitaji ili wakupe Z. Kama kipo atakituma. Subiri majibu, uyalete hapa.

Kipara wa Masasi

Mkuu unatisha watu. Mdogo wangu yuko China mwaka wa nne, aliingia na viza ya masomo, anafundisha chekechea na anatuma hela, nyumba ya mama tumeezeka bati kwa hela hiyo. Wewe umeshakula maisha Thailand sasa unawafungia wenzako mlango. Ajira za serikali unazijua zilivyo, mtu anamaliza chuo 2019 mpaka leo anaendesha bodaboda Nachingwea na digrii yake.

Ticha wa Shangani

Mkuu sijasema hawapo. Wapo wengi na wengine nawajua. Nimesema wanaishije. Muulize mdogo wako siku akichelewesha mshahara miezi miwili yule mwenye chekechea, ataenda kushtaki wapi? Akienda kwenye ofisi ya kazi anajitaja mwenyewe kuwa anafanya kazi kinyume cha viza. Mwenye shule anajua hilo, na ndiyo maana analipa chini ya soko. Kama mdogo wako amepata bosi muungwana, alhamdulillah, lakini uungwana wa bosi huwezi kumuuzia mtu kwa 850,000.

La ajira nakubaliana nawe asilimia zote. Njaa ndiyo inayowapa hawa watu soko. Ila mtu akienda kwa viza ya masomo aende akijua, na hela ampe chuo, si wakala anayemwambia ni kazi.

Kipara wa Masasi

Hapo nimekuelewa. Ila bado nasema kuna watu wametoka kimaisha kwa njia hiyo hiyo.

Ticha wa Shangani

Wapo, mkuu. Sibishi.

Mwana Newala

Nipo siti ya mbele. Ticha, mimi nina diploma ya ualimu, Kiingereza na Historia. Kuna mchongo wowote? Kuna jamaa alisema Palma kule Msumbiji kampuni za gesi zinatafuta walimu wa Kiingereza wa kufundisha vibarua, na ni jirani tu, unavuka Ruvuma.

Ticha wa Shangani

Diploma ni kikwazo karibu nchi zote nilizotaja, wanataka digrii ya kwanza. Anayekwambia kozi ya mtandaoni ya saa 120 inaziba pengo la digrii anakuuzia kozi. Kozi hizo zina kazi yake, na ile ya Cambridge inayoitwa CELTA ina heshima kwa sababu unasimamiwa ukifundisha watu halisi kwa saa sita, lakini hakuna inayogeuka kuwa digrii.

Palma nenda taratibu. Machi 2021 mji ule ulivamiwa, Aprili mwaka huo Total (sasa TotalEnergies) wakatangaza kusimamisha mradi wao wa gesi. Hata mambo yakitulia, kampuni kubwa haitafuti mwalimu kupitia mtu wa WhatsApp, na kuvuka Ruvuma kwenda kutembea si ruhusa ya kufanya kazi. Halafu darasani utahitaji Kireno cha kuanzia. Ningekuwa wewe ningetafuta namna ya kumalizia digrii kwanza, hata Chuo Kikuu Huria.

Mama Ticha Lindi

Niongezee kidogo, mdogo wangu Ticha. Wengi mnakimbilia kufundisha Kiingereza kwa wasiotutaka, wakati kuna wanaotutaka kwa Kiswahili. Kuna mpango wa Fulbright unaoitwa FLTA, unakwenda kusaidia kufundisha Kiswahili kwenye chuo cha Marekani kwa mwaka mmoja wa masomo. Walimu wa Kiingereza wanaomba sana kwa sababu unahitaji Kiingereza kizuri ili ufundishe lugha yako. Fomu ni bure. Matangazo hupitia ubalozi wa Marekani, kwa hiyo angalieni kwao kama mwaka huo dirisha limefunguliwa na kama viza yake inatolewa kwa Watanzania. Viza ni J-1, na ukimaliza unarudi nyumbani. Hakuna wakala popote kwenye mlolongo huo. Akitokea mtu anayesema anakupitisha FLTA kwa laki tatu, huyo mpelekeni polisi.

Ticha wa Shangani

Asante dada, umenikumbusha kitu muhimu. Vijana someni hiyo mara mbili.

Jogoo la Mnazi Mmoja

Mimi ni mwalimu wa serikali, halmashauri moja hapa Lindi. Wakala ananiambia niondoke kimyakimya, mshahara uendelee kuingia miezi michache wakati natulia huko. Imekaaje?

Ticha wa Shangani

Imekaa vibaya. Huo ni utoro kazini, na mshahara utakaoingia utadaiwa. Omba likizo bila malipo kwa maandishi kupitia kwa mkuu wako wa shule, upande ngazi zake. Inachosha, inaweza kukataliwa, lakini ukirudi una pa kurudi. Na deni la bodi ya mikopo linakufuata hata ukiwa Bangkok. Halafu jiulize kitu kimoja: wakala anayekufundisha kumwibia mwajiri wa kwanza atakufanyia nini wewe?

Ndanda Original

Wakuu, hii ya Thailand mleta uzi hajaigusa yote. Kuna wanaoahidiwa kufundisha Kiingereza au kuhudumia wateja, wanapokelewa Bangkok, gari linakwenda kaskazini magharibi masaa mengi mpaka Mae Sot, wanavushwa mto usiku kuingia Myawaddy, Myanmar. Kule unapewa kompyuta na simu, kazi ni kutapeli watu mtandaoni, ukigoma unapigwa. Februari 2025 walitolewa maelfu ya watu wa mataifa mengi kwenye makambi yale, Waethiopia na Wakenya wakiwemo.

Ticha wa Shangani

Kweli kabisa, na nashukuru umeitaja. Kwa anayekwenda Thailand: kabla ya kuondoka ujue jina la shule na wilaya iliyopo, uione kwenye ramani, na mtu wa nyumbani awe nayo. Ukipokelewa na mtu anayetaka kushika pasipoti yako "kwa usalama", usimpe. Gari likienda upande usio wa shule yako, shuka penye watu, hata kama ni kwenye kituo cha mafuta. Mwalimu halisi anapelekwa shuleni au kwenye nyumba ya walimu, havushwi mto. Tanzania tuna sheria ya kuzuia usafirishaji haramu wa binadamu tangu 2008, na aliyekupeleka huko anashtakiwa hapa hapa.

Binti Mikindani

Mwalimu nimerudi. Nimemwandikia kama ulivyosema. Majibu haya hapa, nayaandika kama yalivyo: "Dada mbona maswali mengi hivyo? Wenzako wameshalipa wapo tayari. Hiyo karatasi inatoka ukishalipia. Ukichelewa mpaka saa kumi nafasi anapewa mwenzako wa Tanga." Nikamwambia basi mpe wa Tanga. Baada ya nusu saa kapiga, eti kwa sababu mimi ni dada yake nilipe laki nne tu.

Kipara wa Masasi

Hahaha. Kutoka 850 mpaka nne ndani ya nusu saa! Hapo hata mimi nakaa upande wa Ticha.

Ticha wa Shangani

Binti, umefanya vizuri sana. Usimtukane wala usimblokie kwanza. Piga picha za ujumbe wote, namba ya simu, jina linalotokea ukitaka kutuma hela na ile barua yenye muhuri. Peleka polisi, waambie ni utapeli wa mtandaoni, sheria ya makosa ya mtandao ipo tangu 2015. Hata kama hujapoteza hela, huyo wa Tanga anaweza kuwa yupo kweli.

Kama ulishamtumia picha ya ukurasa wa pasipoti, niambie hapa ulituma nini na nini.

Binti Mikindani

Nilituma cheti cha kidato cha nne na cha chuo tu. Pasipoti bado sijaichukua Uhamiaji.

Ticha wa Shangani

Basi una nafuu. Endelea na pasipoti yako, itakufaa kwa mengine.

Yule aliyenitumia mkataba wa Vietnam asubuhi, nimeufungua. Digrii unayo, kibali cha kazi wametaja kuwa wanakulipia wao, na jina la shule ni hilo hilo kwenye kurasa zote, mpaka hapo sina neno. Ila ukurasa wa tatu unasema saa 25 za kufundisha kwa wiki, ukurasa wa tano unasema saa 40 za kuwepo kazini, na mshahara wameutaja kwa saa. Waandikie leo uulize ni saa zipi zinazolipwa, na jibu waliweke ndani ya mkataba. Wasikujibu kwa sauti ya WhatsApp.